Je, Wajua? Zima Gari, Usizime Adabu

Wiki hii safu yetu iko Mwanza, ambako ziwa limebana upande mmoja na mawe upande wa pili, na katikati magari, bajaji, bodaboda, mikokoteni na watu wanagombea kipande kilichobaki. Tumekusanya mambo ya kuegesha, kupishana na kushukuriana barabarani. Mengine ni ya sheria, mengine ya hesabu, mengine ya utu tu. Soma ukiwa abiria. Kama ndiwe dereva, paki kwanza.

KUSIMAMA NAKO NI KAZI

1. Je, wajua kwamba gari la kawaida hutumia takriban asilimia 95 ya maisha yake likiwa limesimama? Hesabu hiyo aliieneza Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure. Kwa siku moja ni karibu saa 23. Maana yake jirani zako wanakujua zaidi kwa unavyopaki kuliko unavyoendesha.

2. Shoup huyohuyo alikusanya tafiti zilizofanywa kati ya mwaka 1927 na 2001 katikati ya miji yenye msongamano. Wastani ulikuwa hivi: asilimia 30 ya magari yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa yanatafuta pa kupaki, na kila moja lilihangaika kama dakika 8. Kwa hiyo ukimwona mtu kwenye Barabara ya Kenyatta anapita mara ya pili akichungulia pembeni, honi yako haitamsaidia. Anachotafuta ndicho utakachokitafuta wewe mbele kidogo.

3. Nafasi moja ya maegesho ina upana wa kama mita 2.5 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Ukipaki mshazari ukakalia nafasi mbili, umejimilikisha eneo la vyumba viwili vya kupanga, tena bila kulipa kodi ya miezi sita.

4. Katika nafasi hiyohiyo ya gari moja, pikipiki tano zinaingia na bado mtu anapita.

5. Je, wajua kwamba gari lako dogo la Kijapani lilipokuwa kwao halikuruhusiwa kukosa pa kulala? Tangu mwaka 1962 sheria ya Japani inamtaka mnunuzi wa gari athibitishe kwanza kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, na cheti hutolewa na polisi. Siku hizi mahali hapo panatakiwa pawe ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Ist, Vitz na Probox nyingi zinazolala leo pembezoni mwa mitaa yetu zilianza maisha zikiwa na cheti cha kitanda.

6. Mashine ya kwanza ya kulipia maegesho barabarani ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Malipo yalikuwa senti 5 kwa saa. Aliyeipigania, Carl Magee, alitaka wafanyakazi wa mjini waache kupaki mbele ya maduka kutwa nzima huku wateja wakikosa pa kusimama. Mwenye duka anayepaki mbele ya mlango wake mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni akitafakari kidogo ataona anamfukuza nani.

7. Kwetu, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017. Mwaka 2021 ulianza kukusanya ushuru wa maegesho kwa njia ya kielektroniki: mhudumu anaingiza namba ya gari kwenye kifaa chake, mfumo unatoa namba ya malipo, nawe unalipa kwa simu. Deni linaifuata namba ya gari. Kumkwepa yule dada mwenye kifaa kwa kukanyaga mafuta hakulifuti.

8. Je, wajua kwamba aliyebuni chuma cha kufunga gurudumu la gari lililopaki vibaya alikuwa mpiga fidla? Jina lake Frank Marugg, wa okestra ya mji wa Denver, Marekani. Kifaa chake kilianza kutumika huko mwaka 1955. Tangu hapo hakuna muziki wake mwingine uliowahi kuwatoa watu machozi kiasi hicho.

MILIMA NA MAWE

9. Mawe ya Mwanza, pamoja na Mwamba wa Bismarck unaotazamana na kivuko cha Kamanga, ni ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Yamekaa moja juu ya jingine muda wote huo bila breki ya mkono. Gari lako halina kipaji hicho.

10. Kwa hiyo ukipaki mteremkoni, mathalani njia za Bugando au Isamilo, gurudumu lina upande wake wa kuangalia. Pua ya gari ikiangalia chini, kata usukani kushoto, ili gari likiponyoka lijikite kwenye ukingo wa barabara. Ikiangalia juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia. Likirudi nyuma, tairi la mbele litaegemea ukingo. Kama hakuna ukingo, kata kushoto hata kama pua inaangalia juu: gari likirudi nyuma litatoka nje ya barabara badala ya kuvuka kwenda kwa wenzio.

11. Gari la gia za mkono likiangalia mlima, liache kwenye gia namba moja. Likiangalia mteremko, liache kwenye rivasi. Hapo injini yenyewe inasaidia breki ya mkono kulishika. La otomatiki ni P, lakini vuta breki ya mkono kwanza, ndipo uachie breki ya mguu, ili uzito wote usiangukie kwenye kipini kidogo ndani ya gia.

12. Mwanza mtu hakosi jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Lori likizimika kwenye mpando, kabla dereva hajashuka utingo ameshatua, ameokota mawe mawili yenye ukubwa wa kichwa cha mtu, na ameyasukumiza chini ya matairi ya nyuma. Fundi anakuja, wanahangaika na pampu ya dizeli mpaka giza linaingia. Gari linawaka, moshi mweusi, kila mtu anapiga kelele za furaha, utingo anadandia mlango huku lori likiondoka. Mawe yanabaki palepale, rangi yake na ya lami gizani ni moja. Anayefuata ni bodaboda mwenye abiria na mfuko wa dagaa. Kuyaondoa mawe yale kungechukua sekunde kumi.

13. Je, wajua matawi ya miti yanayowekwa barabarani nyuma ya gari bovu yana kasoro gani? Hayaakisi mwanga. Usiku dereva anayaona akiwa ameshayakanyaga. Pembetatu inayong'aa ndiyo dawa, na iwekwe mbali: mwongozo wa madereva wa Uingereza unataka angalau mita 45 nyuma ya gari. Ukiiegemeza kwenye bampa umempa mwenzako habari za ajali badala ya tahadhari. Na kama matawi ndiyo pekee uliyokuwa nayo, yana sharti lilelile la mawe: ukiondoka, ondoka nayo.

14. Kivuli cha bure nacho kina bei. Korongo marabu, wale ndege warefu wenye vipara wanaozurura karibu na masoko ya samaki, hulala juu ya miti mikubwa. Kinyesi cha ndege kina tindikali inayokula rangi ya gari, na jua la mchana huharakisha kazi. Ukikuta mti mzuri mjini na hakuna gari hata moja chini yake, tazama juu kwanza.

15. Je, wajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa? Kuingiza gari majini hadi kwenye ringi ili lioshwe, kwa hiyo, si suala la usafi wa gari peke yake. Oili, grisi na sabuni vinavyotoka chini ya gari vinaingia kwenye maji ambayo mtu wa pili anachota ndoo hatua chache kutoka hapo.

MJINI KATI

16. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Kijiwe cha bodaboda, meza ya mama lishe, gereji ya chini ya mwembe na ile ndoo yenye zege na bomba ambayo mwenye duka ameiweka kujitunzia "nafasi yake", vingi vimo ndani ya eneo hilo. Nafasi ya mbele ya duka mara nyingi ni ya umma kabla ya kuwa ya duka.

17. Kila mji una walimu wake wa rivasi. Maeneo ya Makoroboi utamsikia kabla hujamwona: "Njoo, njoo, njoo… kata yote kulia… kata yote bosi wangu… nyoosha… bado, bado… basi!" na kofi juu ya buti. Sifa moja anayo ambayo kamera ya nyuma haina: anasimamisha bodaboda kwa mkono wa kushoto huku akikuita kwa wa kulia. Kasoro anayo pia: akisema "bado" na ukagonga, aliyegonga ni wewe. Mbele ya sheria usukani unabaki kwa aliyeushika.

18. Je, wajua mlango wa dereva unafunguliwa kwa mkono gani? Uholanzi, nchi ya baiskeli, madereva wamezoezwa kutumia mkono ulio mbali na mlango. Usukani wetu uko kulia, basi sisi ni mkono wa kushoto. Ukiupeleka mkono wa kushoto kwenye kitasa cha kulia, mwili wote unageuka na macho yanatazama nyuma yenyewe, pale anapotokea bodaboda. Abiria wa nyuma kulia naye atumie mkono uleule wa kushoto.

19. Anayeingia kwa rivasi kwenye nafasi yake anatoka akitazama mbele. Anayeingia kwa pua anatoka kinyumenyume, kipofu, kwenye barabara yenye watoto na mikokoteni. Rivasi utaipiga tu. Hiari yako ni wakati gani. Bodaboda wa vijiweni wamelijua hili zamani: pikipiki zao zote zimegeukia barabara.

20. Taa za hazadi hazigeuzi kosa kuwa ruhusa. Gari lililosimama njiani huku linapepesa taa zote nne ni gari lililosimama njiani.

21. Tena hazadi za gari lililopaki pembeni zinaficha indiketa. Anayetoka nyuma hajui kama unakaa au unaondoka, na akiona upande mmoja tu wa gari atadhani unakata kona.

22. Mwaloni, Kirumba, ndiko dagaa na samaki wa visiwani wanakoshushwa na kupakiwa kwenye malori ya safari ndefu. Lori linalopakia haliondoki kwa dakika mbili. Madereva wenye ustaarabu wakilazimika kumziba mwenzao huacha karatasi yenye namba ya simu nyuma ya kioo cha mbele. Ni vizuri, ila karatasi hiyo ina sharti: simu iwe na chaji na mwenyewe awe karibu. Namba inayosema "haipatikani kwa sasa" ni tusi lililoandikwa kwa kalamu.

23. Siku ya mechi kubwa kwenye uwanja wa CCM Kirumba, na siku za Nane Nane pale Nyamhongolo, kila aliyepaki wa kwanza ndiye anayetoka wa mwisho. Ukiacha gari umbali wa dakika kumi kwa miguu, utafika nyumbani kabla ya aliyepaki getini.

24. Geti la mtu si ukuta. Hata likiwa limefungwa kwa wiki nzima, siku ya mgonjwa haitangazwi.

KUPISHANA

25. Kwenye kiplefti cha Samaki, nani anapita kwanza? Aliye tayari ndani ya mzunguko, anayekujia kutoka kulia kwako. Waingereza, ambao nao huendesha kushoto, waliifanya kanuni hiyo kuwa ya nchi nzima mwaka 1966. Kabla ya hapo wanaoingia waliwakatiza waliomo, na mzunguko ukijaa, hakuna aliyeweza kutoka wala kuingia. Kila saa kumi na moja jioni wapo wanaojaribu kuturudisha mwaka 1965.

26. Lori la mbele yako kwenye barabara ya Shinyanga linazungumza. Indiketa ya kulia: tulia, kuna gari linakuja. Indiketa ya kushoto: kweupe, pita. Ni lugha ya madereva isiyo ya sheria, na ina hatari yake, kwani indiketa ileile ya kulia yaweza kumaanisha kwamba lori linakata kona kweli. Isikilize, kisha tazama mwenyewe.

27. Ukishapita, honi mbili fupi au mkono dirishani ndiyo asante yetu. Japani dereva aliyeachiwa nafasi huwasha hazadi mara mbili tatu kumshukuru wa nyuma. Usukumani, mwenzako akisimama kukupisha asubuhi kwenye barabara nyembamba ya kijijini, shusha kioo useme "Mwangaluka". Haikugharimu mafuta.

28. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na ya Mwanza nayo yamo njiani gizani. Ukikutana na taa kali, macho huhitaji sekunde kadhaa kurudia hali yake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ni mita 22. Usiposhusha taa, umemtuma mwenzako na abiria wake wote wapite umbali wa uwanja wa mpira bila kuona. Na akigonga, aliye karibu zaidi ni wewe.

29. Ziwani kuna wadudu wadogo wanaoibuka majini kwa mawingu, hasa siku zinazokaribia mwezi mwandamo, na wanafuata taa. Wakijaa kwenye kioo, waipa kavu huwageuza uji. Weka maji ya kutosha kwenye tangi la waipa, punguza mwendo, na usisimame ghafla katikati ya njia kufuta kioo.

30. Kuchomekea ni kujiingiza mbele ya aliyepanga foleni. Kutanua ni kupita pembeni kwa waenda kwa miguu ili uchomekee mbele. Kosa la kwanza linamuudhi dereva mwenzako. La pili linamkanyaga asiye na gari.

31. Je, wajua kwamba nchi zote tatu zenye ufukwe wa Ziwa Victoria, yaani Tanzania, Uganda na Kenya, huendesha kushoto, lakini Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia? Lori linalopita Rusumo, juu ya Mto Kagera, linabadilisha upande palepale mpakani. Dereva wa Kitanzania akifika huko usukani wake unakuwa upande wa majani, na anapotaka kulipita lori jingine hawezi kuona mbele. Utingo ndiye anakuwa macho. Ndiyo maana huko mbele anayepewa soda ya kwanza ni utingo.

32. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na iko mlimani. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaopewa rufaa wanapanda mlima huohuo. Ukisikia king'ora cha gari la wagonjwa, sogea kushoto na usimame. Usikimbie mbele yake kama unalisindikiza. Na likishapita usijipachike mkiani mwake. Ile njia imefunguliwa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa aliyechelewa kazini.

DARAJANI NA KIVUKONI

33. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo, Misungwi, na Busisi, Sengerema, juu ya Ghuba ya Mwanza. Urefu wake ni kilomita 3. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unalimaliza chini ya dakika 4. Enzi za kivuko, kusubiri peke yake kungeweza kula saa mbili.

34. Foleni ya kivuko ilikuwa shule. Abiria wa mabasi walishuka na kuingia kwa miguu, gari la wagonjwa lilipewa nafasi ya kwanza, na kila dereva alipaki sentimita chache kutoka kwa mwenzake, breki ya mkono juu. Kamanga shule hiyo bado inafundisha.

35. Darajani hakuna foleni wala mwalimu. Mandhari ni nzuri na simu ina kamera, lakini daraja si kituo. Gari moja likisimama kupiga picha linawalazimisha wa nyuma wahame njia ghafla. Pembeni kuna njia ya watembea kwa miguu: paki nchi kavu, tembea, piga picha zako zote.

WENYE MIGUU

36. Pundamilia wa kwanza wa barabarani alizaliwa Slough, Uingereza, tarehe 31 Oktoba 1951. Milia ilichaguliwa kwa sababu inaonekana kwa mbali. Kwa hiyo udhuru wa "sikuiona" umepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka 70.

37. Gari lililosimama mbele ya zebra halijaharibika. Limesimama kwa sababu kuna mtu anavuka ambaye wewe humwoni. Kulipita ndiko kunakomkuta mtoto wa shule katikati. Na usipaki karibu na zebra: dereva wa mbali anaona gari lako, mtoto aliye nyuma yake haonekani.

38. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukitoka kilomita 50 kwenda 65. Hizo 15 za nyongeza, kutoka Buhongwa hadi mjini, foleni itakunyang'anya zote kabla hujafika Mkuyuni.

39. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama ujumbe wa simu kwa sekunde 3, umepita mita 42 ukiwa abiria ndani ya gari lisilo na dereva.

40. Duniani watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki na abiria wao. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

41. Biashara ya bodaboda ilianzia miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli. Ni mtoto wa Bonde la Ziwa Victoria kama dagaa wa sahani yako. Kofia ngumu iliyovaliwa na kufungwa vizuri hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara 6. Ile iliyotundikwa kwenye kioo cha pikipiki inalinda kioo.

42. Mwaka 2021 Serikali ilishusha faini ya kosa la barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Bei ya kupakia watu mishikaki ikashuka, lakini mfupa wa paja bado unaunganishwa kwa bei ileile.

KABLA HUJAFUNGA MLANGO

43. Zunguka gari lako mara moja. Tazama: umemziba nani? Geti la nani? Bodaboda ataona kona? Mwenye mkokoteni atapita? Mama mwenye mtoto mgongoni ameachiwa njia, au umempeleka barabarani? Jiwe lako umelitoa? Kulizunguka gari dogo hakufiki nusu dakika. Uliyemziba atatumia nusu saa kuuliza duka hadi duka, "Samahani, hili gari ni la nani?", na jibu la watu ndilo litakuwa jina lako mtaa huo.